Mlango wa nyuma wa umeme umepasuka bati: usikubali kiraka cha milimita 4

Swali: Habari za kazi, fundi. Niko Mbarara, nina SUV ya Kijapani ya 2007 yenye mlango wa nyuma unaojifungua na kujifunga kwa mota. Kwa miezi kadhaa ulikuwa ukilia "ka!" ukifika nusu ya safari yake. Wiki iliyopita nilivua pambo la ndani nikaona pale fimbo ya mota inaposhikana na mlango, upande wa kushoto, bati limepasuka pande zote mbili za bolti. Ufa mmoja una urefu wa kidole, mwingine nusu yake. Fundi wa kuchomelea wa hapa anasema ataweka bati la milimita 4 na halitapasuka tena hata kwa nyundo. Nimkubalie, au nitafute mlango mwingine Kisekka, kwenye soko la vipuri la Kampala? Na Ijumaa nina safari ya Kabale. Naweza kuutumia hivi ulivyo?

Jibu: Usimkubalie, ndugu yangu, ila usimfukuze pia. Mkono wake utahitajika katika kazi hii. Ni lile bati la milimita 4 tu ambalo lingekurudisha kwake, safari hiyo ufa ukiwa pembeni mwa kiraka badala ya pembeni mwa bolti.

Ulichokiona kinaitwa uchovu wa chuma. Hakuna siku moja bati hilo lilipobebeshwa mzigo wa kulivunja. Lilivutwa na kuachiwa mara elfu kadhaa, kila mara kidogo, mpaka mahali palipobanwa zaidi pakaanza kuachana. Waulize vijana wanaopakia maziwa na matoke kwenye baiskeli spoku zao hukatikia wapi. Hazikatiki katikati ya waya, hukatika kwenye kona, pale spoku inapojikunja kuingia kwenye habu. Kwa mlango wako kona hiyo ni ukingo wa tundu la bolti na ukingo wa zile nukta za kuchomelea za kiwandani zinazoshika bati la ndani na kiimarisho kilicho nyuma yake. Mlango ukifunguliwa na kufungwa mara 10 kwa siku, ni mizunguko 3,650 kwa mwaka, bila kuhesabu mtikisiko wa matuta na barabara za murram.

Chunguza nyuso za ufa kwa tochi kabla ya mtu yeyote kuzigusa na grainda. Sehemu yenye kutu ya kahawia iliyolainika ndiyo ya zamani. Inayong'aa na yenye chembechembe ndiyo ya juzi. Kama ufa mzima ni kahawia hadi nchani, tatizo lina miaka na inawezekana kuna nyufa nyingine hujaziona.

Sasa swali ambalo fundi wako hakujiuliza: mzigo huo ulitoka wapi? Kiwandani mota haikupangiwa kubeba mlango. Kazi ya kubeba ni ya zile shokapu mbili za gesi. Mota inasukuma tu mlango ambao tayari umesawazishwa. Tuchukue mlango wa kilo 30 pamoja na kioo chake, ambao kitovu cha uzito wake kiko nusu mita kutoka kwenye bawaba. Ukiwa umelala karibu usawa wa paa, unavuta chini kwa takriban Nm 150 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kuzungusha). Kama shokapu zinasukuma zikiwa sentimita 15 kutoka kwenye mhimili wa bawaba, kila moja inatakiwa kutoa N 500 (N ni kipimo cha nguvu ya kusukuma) ili mlango usimame. Gesi huvuja kidogo kidogo kupitia sili, mwaka hadi mwaka. Kila shokapu ikishuka hadi N 350, zinabaki Nm 105, na pengo la Nm 45 linaangukia fimbo ya mota. Fimbo hiyo iko karibu zaidi na bawaba, tuseme sentimita 9, kwa hiyo pale iliposhikwa kwenye bati panapokea N 500 za ziada. Huo ni mfuko mzima wa simenti ukining'inia kwenye boljointi moja (kile kiungo cha tufe kwenye ncha ya fimbo), upande mmoja, juu ya bati lisilofika milimita moja. Vipimo vya gari lako vitatofautiana na hivi kidogo, lakini hesabu ni hiyohiyo.

Ubaya wa uchovu ni kwamba hauendi sambamba na mzigo. Kwa viungo vilivyochomelewa wahandisi hukadiria kwamba mkazo ukizidi mara mbili, idadi ya mizunguko ambayo kiungo kitavumilia hushuka hadi moja ya nane. Ndiyo maana mlango uliovumilia zaidi ya miaka kumi ukiwa na shokapu nzima unaweza kupasuka ndani ya mwaka mmoja baada ya shokapu kuchoka. Na ndiyo maana kiraka kizuri juu ya shokapu mbovu ni hasara.

Kwa hiyo kazi inaanza kwenye shokapu. Zima kwanza mfumo wa umeme wa mlango. Kwenye Toyota nyingi swichi kuu yake iko ndani ya kabati la dashibodi upande wa abiria. Kwingine iko kando ya usukani. Mtu wa pili ashikilie mlango, wewe ng'oa fimbo ya mota kwenye boljointi yake kwa kuinua klipu ndogo ya chuma kwa bisibisi bapa. Usiing'oe klipu yote, irudishe nyuma tu. Sasa inua mlango kwa mkono hadi nusu, uuachie polepole. Mlango uliosawazishwa utasimama hapo au utapanda taratibu. Ukishuka, shokapu zimeisha. Ukipanda kwa kishindo, mtu aliweka shokapu zenye nguvu kupita kiasi, na hilo nalo hupasua bati, maana mota inalazimika kupigana nazo kila inapofunga. Usifanye jaribio mchana wa jua kali, lifanye gari likiwa na joto la kawaida. Nguvu ya gesi hubadilika kwa takriban asilimia 3.5 kwa kila nyuzi 10 za joto, hivyo shokapu iliyo mpakani itaonekana nzima saa nane mchana Mbarara na itashindwa alfajiri Kabale.

Nguvu ya shokapu imechapishwa kwenye mwili wake, namba ikifuatiwa na herufi N. Nunua zote mbili kwa pamoja, zenye N ileile ya asili, urefu uleule zikiwa zimefunguka na zikiwa zimefungwa, na uhakikishe ni za mlango wa mota. Mara nyingi toleo la mlango wa mkono la gari lilelile lina N tofauti. Shokapu zilizotumika za dukani siwezi kukushauri. Huwezi kujua imebaki na gesi kiasi gani kwa kuibonyeza na kidole gumba, na muuzaji naye hajui.

Kuna mizigo mingine inayojificha. Rafu ya baiskeli ya kilo 15 iliyofungwa nyuma ya mlango, kitovu chake kikiwa sentimita 90 kutoka kwenye bawaba, inaongeza Nm 130 na zaidi kidogo, yaani karibu mlango wa pili juu ya wa kwanza. Spika kubwa zilizofungwa kwenye pambo la ndani vivyo hivyo. Na kuna huu mtindo wetu wa kurudi kutoka kijijini buti likiwa limejaa mikungu ya matoke, kisha mtu anabonyeza swichi mlango ukazane na mikungu: mota inasukuma, mlango unakataa, bati katikati linajikunja. Buti likijaa, funga kwa mkono, usukume katikati ya mlango, na mota ikiwa imezimwa.

Baada ya hapo ndipo tutafute nyufa zote. Kabla ya hilo, hakikisha mlango umekingwa usianguke. Tumia gongo la mbao lililokatwa kwa kipimo, ncha yake ya juu ikiwa imefungwa kitambaa, na uongeze kinga kwenye shokapu: kata bomba la plastiki kwa urefu wa sehemu ya fimbo iliyo nje, lipasue upande mmoja, livishe fimbo hiyo na ulifunge kwa waya. Usibane fimbo ya shokapu kwa koleo la kushikia. Mkwaruzo mmoja unaharibu sili, na gesi itaisha ndani ya muda mfupi.

Safisha eneo la sentimita 20 kuzunguka bolti kwa thina na usubiri pakauke kabisa. Kama huna dawa maalumu ya kutafutia nyufa, njia ya zamani bado inafanya kazi: paka mafuta ya taa, subiri dakika 15, pangusa kwa kitambaa kikavu mpaka pasibaki unyevu, kisha paka chokaa nyeupe iliyosagwa iliyochanganywa na spiriti. Spiriti ikikauka, mafuta yaliyojificha ndani ya ufa hujitokeza kama mstari mweusi juu ya chokaa. Weka alama kwenye ncha halisi ya ufa kwa msumari, maana ncha hiyo karibu kila mara iko mbele ya pale jicho linapoona. Angalia pia upande wa pili wa fimbo, pale mota yenyewe ilipofungwa kwenye bodi, na boljointi za shokapu zote mbili. Tikisa kila moja kwa vidole, ikicheza, ibadilishe.

Halafu bawaba. Hapa naomba ukae makini. Ukikuta ufa kwenye bati linaloshika bawaba, upande wa mlango au upande wa paa, acha kila kitu nilichoandika hapa chini. Hiyo si kazi ya kiraka. Mlango wa kilo 30 ukichomoka kwenye bawaba moja unaanguka kichwani mwa aliyesimama chini yake, na mara nyingi huyo ni mtoto anayetoa mkoba wa shule. Paa lililopasuka linahitaji fundi bodi mwenye mashine ya nukta, na mlango uliopasuka kwenye bawaba unahitaji kubadilishwa.

Jambo lingine la haraka: leta sumaku. Magari mengine yana mlango wa nyuma wa aluminiamu au wa plastiki ngumu. Sumaku isiposhika, maelezo ya chuma hayahusiki.

Tuseme bawaba ni nzima na nyufa ni hizo mbili tu. Kwa nini si bati la milimita 4? Kwa sababu bati la ndani la mlango lina unene wa takriban milimita 0.7 au 0.8. Ugumu wa bati kujikunja hupanda kwa mchemraba wa unene wake, hivyo bati la 4 ni gumu kuliko la 0.8 mara 125. Ukiliunganisha hapo umeweka jiwe juu ya ngozi. Ngozi itaendelea kucheza kama zamani, lakini uchezaji wote ambao ulikuwa umesambaa sentimita nyingi sasa unajikusanya kwenye mstari mmoja, ukingoni mwa jiwe, palepale palipochomelewa. Tena joto linalohitajika kuyeyusha bati la 4 linatoboa la 0.8, kwa hiyo fundi atashusha moto na kuacha weldingi iliyolala juu bila kuingia ndani. Inaonekana nene na imara, nayo imeshika kwa ukucha.

Dawa ni ngazi: unene mkubwa palipo na bolti tu, kisha upungue, kisha upungue tena mpaka bati la asili. Bati nene la fundi wako linapata nafasi yake hapa, likiwa dogo. Mwambie akate sahani ya milimita 3, yenye upana wa 40 na urefu wa 60, pembe zake zote zikiwa za mviringo, na achomelee nati nyuma yake juu ya meza, nje ya gari. Hiyo ndiyo sahani ya nati, itaingia nyuma ya bati la ndani kupitia moja ya matundu ya ukaguzi. Nati ya zamani ya kiwandani mara nyingi huwa imeachana na kiimarisho chake. Kama bado imeshika upande mmoja, ikate ili sahani mpya ilale bapa. Mbele ya bati la ndani, upande wa pambo, kitakaa kiraka chenyewe: bati jeusi la milimita 1.2, kubwa kiasi cha kupita ncha za nyufa kwa milimita 40 kila upande, pembe zikiwa na mviringo wa milimita 15 au zaidi. Anza na karatasi ya boksi, ikunje ifuate mikunjo yote ya bati, ndipo uhamishie kipimo kwenye chuma. Kiraka kisicholala vizuri kikavutwa kwa bolti kinaanza maisha yake kikiwa na mkazo.

Sasa nyufa zenyewe. Toboa tundu la milimita 3 kwenye kila ncha, kitovu chake kikiwa milimita moja au mbili mbele ya ile alama ya msumari. Ncha ya ufa ni kali kuliko wembe, na mkazo hujikusanya hapo. Tundu la mviringo linauondolea makali. Ondoa mabaki ya kuchonga kwa kugeuza ncha kubwa ya drili kwa mkono pande zote mbili. Kisha weldingi ya MIG (ile ya waya unaojilisha wenyewe kutoka kwenye mashine), waya wa milimita 0.6, gesi ya agoni iliyochanganywa na kabonidayoksaidi asilimia 20 hadi 25. Kabonidayoksaidi tupu inakubalika ila hurusha cheche zaidi. Ampea 30 hadi 50. Usivute mstari. Piga nukta moja, ruka sentimita mbili, piga nyingine, subiri mkono uweze kukaa juu ya bati, rudi katikati. Ziba na matundu ya ncha, kisha saga weldingi ibaki sawa na bati. Weldingi iliyovimba kama kamba inaanzisha ufa mwingine kandokando yake.

Weldingi ya fimbo ya kawaida haifai hapa kabisa. Gesi na shaba, ambayo mafundi wetu wengi wa bodi huipenda, ina kasoro mbili: inapasha moto eneo pana, na shaba ikishaingia kwenye ufa hutaweza tena kuchomelea chuma hapo, kwa sababu shaba hupenya kati ya chembe za chuma na kuzipasua. Ukikuta rangi ya dhahabu kwenye ufa, mtu alishakutangulia, na ujue kipande hicho kitabidi kikatwe chote.

Kabla ya cheche ya kwanza: toa nguzo hasi ya betri na usubiri sekunde 90 ili mifuko ya hewa ya usalama iishe chaji. Kamba ya eathi ibanwe kwenye mlango wenyewe, karibu na kazi. Ikibanwa kwenye chasi, umeme wote wa weldingi unapita kwenye bawaba na waya za mlango, na kompyuta ya mlango huwa haipati ajali ya pili. Chomoa mota na kitasa. Funika kioo kwa blanketi lililolowa maji. Ng'oa sponji na gundi zote zilizo ndani ya mlango karibu na joto, maana zinashika moto kimyakimya. Bati la mlango huwa limepakwa zinki, na moshi wake unaleta homa usiku; fungua upepo upite, vaa barakoa ya kuchuja moshi wa weldingi. Najua Mbarara maziwa ni mengi na kila fundi atakuambia kikombe kimoja kinaondoa moshi. Hakiondoi.

Kiraka sikichomelei. Nakiunganisha kwa epoksi ya bodi ya magari pamoja na ribiti za chuma za milimita 4.8, kwa sababu njia hiyo haileti joto jipya na inasambaza mzigo juu ya eneo lote badala ya kwenye nukta chache. Piga msasa namba 80 nyuso zote mbili mpaka chuma king'ae, pangusa kwa asetoni, na upake gundi ndani ya saa hiyohiyo. Kwa unyevu wetu wa Aprili chuma kitupu kinaota kutu kabla ya jioni. Matundu ya ribiti yawe na milimita 4.9, nafasi ya 25 hadi 30 kati ya moja na nyingine, milimita 10 kutoka ukingoni, na yasikaribie ncha ya ufa kwa chini ya milimita 15. Usizipange kwenye mstari mmoja ulionyooka pembeni, zipishanishe. Usikamue gundi yote itoke, inatakiwa kubaki kama unene wa kadi ya simu. Ribiti za aluminiamu ni rahisi kupatikana, nazo ndizo hulegea kwanza, kisha chuma na aluminiamu vikikutana na maji vinakulana. Acha siku nzima, saa 24, kabla ya kubebesha kitu.

Epoksi ya kweli ikikosekana, fundi achomelee kiraka kwa matundu ya milimita 6 yaliyojazwa, yakiwa na nafasi ya sentimita 3, huku akiacha ncha mbili za kiraka bila weldingi inayokatisha. Nyuso zinazokutana zipakwe kwanza praima ya zinki ya kuchomelea. Ni njia ya pili kwa ubora, lakini ni bora mara nyingi kuliko bati la 4.

Sahani ya nati ishikwe na gundi hiyohiyo ili isianguke ndani, kisha bolti. Bolti ya M8 ya daraja 8.8 ikazwe Nm 20 hadi 25, ya M6 Nm 8 hadi 10. Fundi anayekaza mpaka mshipa wa shingo uonekane atavuta sahani kwenye bati na kuliachia mkazo wa kudumu. Boljointi sasa imesogea milimita 1.2 kutoka pale ilipokuwa. Fimbo ya mota italivumilia hilo, ila hakikisha pambo linafunga bila kuigusa.

Rangi haina maneno mengi: praima ya epoksi, sila kwenye kingo za kiraka, rangi, kisha nta ya kupulizia ndani ya mlango. Matundu ya kutolea maji chini ya mlango yabaki wazi. Filla isipakwe juu ya ufa hata kidogo. Inaficha ufa unaoendelea mpaka siku bolti itakapobaki mkononi.

Mkungu wa waya unaopita kwenye mpira karibu na bawaba nao huchoka. Fungua mpira huo na ukunje waya mmoja mmoja. Nyuzi za shaba zikikatika ndani ya plastiki, mota inapata umeme wa kukatikakatika, mlango unakwenda kwa mshtuko, na kila mshtuko unapiga kiraka chako kipya. Unganisha kwa waya laini wa kuzidi urefu kidogo, si kwa kusokota na selotepu.

Rudisha betri, funga mlango kwa mkono mpaka kitasa kishike, halafu fuata utaratibu wa kitabu cha gari wa kuifundisha kompyuta upya mwanzo na mwisho wa mlango. Fungua na funga kwa mkono mara kumi kabla ya kuiamini mota. Angalia nafasi kati ya mlango na bodi pande zote mbili; zisipolingana, sogeza ndoana ya kitasa na mipira ya kusimamisha mlango, la sivyo mota itamalizia kila safari kwa kuminya. Jaribu kinga ya kubana kwa blanketi lililoviringishwa, usitumie mkono. Mlango ukigusa blanketi lazima urudi. Kuna mafundi wanaounganisha waya za sensa hiyo pamoja ili "isisumbue"; mtu wa namna hiyo asiguse gari lako.

Kuhusu Kisekka: mlango mzima uliotumika ni chaguo halali kama nyufa zako zimepita urefu wa kiganja, au zimefika bawabani, au kutu imekula kiimarisho. Ila vua pambo lake dukani kabla ya kulipa. Kwanza uone kama una kiimarisho na tundu la fimbo ya mota, kwa sababu mlango wa toleo la mkono unafanana nao kwa nje na huenda hauna vitu hivyo. Pili upitishe kucha palepale bati lako lilipopasuka. Mlango huo umetoka kwenye gari la umri uleule, lililobeba shokapu za umri uleule. Wenye ufa wa nusu sentimita utakuuzia tatizo lako mwenyewe ukiwa na rangi tofauti.

Kuhusu Ijumaa, nenda Kabale. Zima swichi kuu, ng'oa fimbo ya mota kwenye mlango na uifunge kwa kamba isigonge kioo, na utumie mlango kwa mkono. Ufa haubebi kitu fimbo ikiwa imetoka. Beba lile gongo la mbao, kwa sababu asubuhi ya kule shokapu zako hazitashika, na usimwache mtoto afungue buti peke yake. Kama jaribio la bawaba limeonyesha ufa, basi mlango ubaki umefungwa safari nzima na mizigo ipite kwenye milango ya pembeni.